Karai lililotupwa nyuma ya choo

*Shangazi, shikamoo.*

*Ni msomaji wako wa siku nyingi, ila sikudhani iko siku nitakuandikia kwa sababu ya karai. Nina miaka 31, ni fundi cherehani, naishi upande wa Sahare hapa Tanga mjini. Tuna watoto wawili: wa kiume ana miaka 7, wa kike ana miaka 2 na nusu. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, akiondoka anaweza kumaliza wiki tatu hajarudi. Nyumbani nabaki mimi, watoto, na mama mkwe, tunayeishi naye tangu baba mkwe alipofariki.*

*Shangazi, wewe unalijua joto la Tanga la mwezi wa pili na wa tatu. Ndani hakukaliki, nje hakukaliki. Basi kaka mtu akirudi madrasa saa 10 jioni nilikuwa nawatolea karai kubwa la bati, lile la kufulia, nalitega chini ya mti wa mkungu uani, najaza maji, nawapa makopo na kifuu cha kuchotea. Mimi niko barazani na cherehani yangu, nawasikia wanamwagiana na kucheka. Wanacheza mpaka adhana ya magharibi. Wikiendi, maji yakikupwa, tunashuka ufukweni wakachezea vidimbwi vinavyobaki mchangani, karibu na mikoko.*

*Shida ni wadudu. Uani ni mbu. Ufukweni ni usubi, ambaye hata humwoni, unasikia mtoto anaruka tu, "Mama, moto!" Wa kiume akishaumwa hujikuna mpaka damu itoke. Miguu yake imejaa makovu, na shuleni wanamtania.*

*Mwezi wa tatu, Jumamosi moja, walicheza maji mpaka giza likaingia kwa sababu nilikuwa namalizia sare za watu. Usiku ule mdogo akapata homa, na alfajiri akashikwa na degedege. Sijawahi kuogopa vile. Macho yamegeuka, meno yameumana, mkono mmoja unapigapiga. Mama mkwe anasoma dua huku amewasha ubani, mimi napiga kelele, jirani ndiye aliyetutoa na bajaji yake. Hospitali wakampima wakakuta malaria kali. Akachomwa sindano, akalazwa siku tatu, tukaruhusiwa na dawa mseto. Sasa mzima kabisa, alhamdulillahi.*

*Mume wangu alikuwa safarini, nchi ya watu. Alipopigiwa simu, swali lake la kwanza: "Jioni walikuwa wapi?" Mama mkwe akamjibu kabla sijafungua mdomo: "Kwenye maji, kama kila siku." Amri ikatoka. Hakuna kuchezea maji, si uani si baharini, mpaka arudi, na hata akirudi. Mama mkwe akalichukua karai akalitupa nyuma ya choo, liko huko mpaka leo. Yeye anaamini maji ya jioni yanaingiza baridi mwilini, na baridi hiyo ndiyo malaria. Mbu kwake ni nyongeza tu.*

*Kisha wifi yangu akaja kutoka Dar kumwona mtoto, akaniletea kichupa cha dawa ya kujipulizia ya kufukuza mbu. Mama mkwe akainusa, akasema hiyo ni dawa ya mende, haigusi mwili wa mjukuu wake. Ana dawa yake mwenyewe: mafuta ya nazi anayoyachanganya na mafuta ya taa kidogo. Nilimwomba kwa adabu asiwapake. Akanyamaza, nikadhani yameisha. Wiki iliyopita namwogesha mdogo, naona mapajani ngozi imebabuka, nyekundu, na harufu ya mafuta ya taa inanipanda puani. Shangazi, nilimpigia kelele mama mkwe mbele ya wapangaji. Nikamwambia, "Unataka kuniulia mtoto?" Leo siku ya tano hasemi nami. Sahani yake anaichukua anakwenda kulia chumbani. Mume wangu kapiga simu: "Mama yangu umemfanya nini?"*

*Na mimi najilaumu. Kila nikimtazama yule mtoto naiona ile Jumamosi. Wiki mbili nyuma yake tulikuwa Muheza msibani, kwa ndugu za mama mkwe, tukalala siku tatu kwenye mikeka, watoto walirudi wamechoka, nikasema waache wafurahi kidogo. Ningewatoa majini mapema labda yasingetokea.*

*Juzi mwanangu wa kiume kapotea, nimemkuta mtaroni na wenzake wanachezea maji ya mvua. Na likizo ya mwezi wa sita nilipanga kuwapeleka Bagamoyo kwa mama yangu, nyumba iko hatua chache kutoka baharini. Sasa hata kuomba ruhusa sijui nianzie wapi.*

*Nimtii mume wangu? Nitumie dawa ya wifi kwa siri? Nimwombe radhi mama mkwe na hali aliyekosea ni yeye?*

*Mama wa Wawili, Tanga*

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa kuuguza, na pole kwa siku tano za kusikia mlango wa chumba ukifungwa kila sahani ikipakuliwa. Ukimya wa mkwe ndani ya nyumba moja unachosha kuliko cherehani.

Umeniuliza maswali matatu, nitafika kote huko. Ila nianze na jambo ambalo hukuuliza, maana naona ndilo linalokunyima usingizi: ile Jumamosi.

Umeihesabu hivi: jioni maji na mbu, usiku homa, alfajiri degedege, kwa hiyo maji ndiyo yaliyoleta. Mumeo kaihesabu hivyo hivyo kwa simu, na mama mkwe naye kwa njia yake. Nyote watatu, ambao hamkubaliani kwa lolote, mmekubaliana kwa hili, na nadhani hili ndilo mlilokosea. Vimelea vya malaria vikishaingia mwilini kwa kuumwa na mbu havianzi kazi siku hiyo. Vinakwenda kwanza kujificha kwenye ini, vinazaliana huko, ndipo vinamwagika kwenye damu na homa ikaanza. Safari hiyo mara nyingi huchukua siku 7 hadi 14, na huweza kuzidi hapo. Mtoto aliyeumwa na mbu Jumamosi jioni hawezi kuamka Jumapili na malaria ya mbu yule. Malaria iliyomwangusha binti yako ilikuwa imeshaingia zamani, na angeugua usiku ule hata kama jioni nzima alishinda ndani amevaa soksi.

Tena mbu wa malaria hana haraka ya saa 11 jioni. Huyo ni wa usiku, hasa watu wakishalala, mpaka karibu na alfajiri. Wanaowasumbua wanao uani jua likiwa bado lipo, wengi wao ni wengine kabisa. Nitarudi kwao.

Sasa rudi nyuma wiki mbili. Umetaja mwenyewe kwa sentensi moja ukapita: Muheza, msiba, mikeka, siku tatu. Hukutaja chandarua, na misiba yetu naijua, nani anakumbuka chandarua? Sisemi ni pale. Inaweza ikawa ni hapo hapo Sahare, usiku wowote ambao chandarua kilichomoka chini ya godoro. Hakuna atakayejua. Nakuomba kitu kimoja: hili usilibebe kama panga ukaingia nalo jikoni. Msiba ulikuwa wa kwao mama mkwe, na mtu mwenye hasira akipata hesabu mpya hukimbilia kuitumia. Ukimwambia "kumbe ni msiba wenu," utakuwa umeutua mzigo kichwani kwako ukamtwika mjane, na mtoto hatapona zaidi ya alivyopona.

Halafu ujisomee barua yako uone. Mtoto alipogeuka macho, mtu uliyemhitaji ni wa kumfikisha hospitali, na hospitali mlifika. Degedege la malaria halisubiri. Wako waliokaa na mtoto kwa uvumba na hirizi mpaka jua likapanda. Wewe ulipiga kelele, na kelele zile ndizo zilizomleta jirani.

Nisije nikakufanya uone mumeo anaogopa hewa. Mbu wa mchana wa pwani yetu si wa kubeza. Yuko mmoja mweusi, ana madoadoa meupe miguuni, anapenda asubuhi jua likishachomoza, na tena jioni, katika zile saa mbili au tatu za mwisho kabla halijazama. Hiyo ndiyo saa ya karai lako. Huyo ndiye anayeeneza dengi, na mwaka 2019 dengi iliposhika Dar es Salaam, Tanga nayo iliingia. Kwa hiyo hofu ya baba watoto ina mahali pa kusimama, hata kama ugonjwa aliokuwa akiuogopa ni mwingine. Na kwa sababu hiyo, mtoto akipata homa usikimbilie dawa za maumivu za dukani kama diklofenaki au aspirini. Kama ni dengi zinaweza kumtoa damu. Mpe parasetamo kwa kipimo chake, mpeleke akapimwe.

Ila angalia huyo mbu wa madoadoa anazaliwa wapi. Si baharini, wala si kwenye karai mnalojaza saa 10 na kumwaga magharibi. Yai la mbu mpaka awe mbu wa kuruka ni kama wiki moja hadi siku 10 kwa joto letu, na maji ya saa mbili hayamtoshi. Anataka maji yaliyosahauliwa. Mimi nilijifunza hili kwa aibu. Nilikuwa nafukiza uani kila jioni na kulaumu mtaro wa jirani, mpaka siku moja muuguzi mmoja mstaafu wa mtaani kwetu akaja kunywa kahawa, akainama, akaokota kifuu kwenye lundo langu la vifuu vya kuwashia moto. Ndani mlikuwa na maji yasiyojaza kikombe. Akayaelekeza kwenye mwanga. Viluwiluwi vilikuwa vinajinyonganyonga humo kama nyuzi zilizokatwa, sijui ishirini, sijui thelathini. Akanionyesha kifuu cha pili, cha tatu. Shamba la mbu nilikuwa nalilea mwenyewe, kwa vifuu vyangu mwenyewe! Na akaniambia la kuudhi zaidi: mayai ya huyo mbu hubandikwa ukingoni mwa chombo na hustahimili ukavu kwa miezi, mvua ikinyesha yanaamka. Kwa hiyo kumwaga peke yake hakutoshi, chombo kisuguliwe.

Basi kabla hujaamua lolote kuhusu maji ya watoto, uzunguke ua wako asubuhi moja na huyo kijana wako wa miaka 7. Mpe kazi ya ukaguzi. Pipa la maji lina kifuniko kinachobana? Tairi kuukuu lipo? Visahani vya chini ya vyungu vya maua? Watoto wa umri huo wanapenda kukamata wahalifu.

Sasa hayo maswali.

Ukimtii mumeo kama alivyosema, utapata utulivu kwenye simu. Ila barua yako yenyewe imeshanionyesha bei yake: mtoto aliyenyimwa karai amekwenda mtaroni. Maji ya mtaro baada ya mvua yamepita vyooni kwa watu. Madimbwi na vijito vya maji baridi huku kwetu yana kichocho, kinachopenya kwenye ngozi mtoto akiwa amesimama tu anacheka, na dawa ya mbu si ya kuitegemea kukizuia. Bahari haina kichocho, lakini mvulana wa miaka 7 akienda baharini kwa siri, mimi siogopi usubi tena, naogopa kuzama. Hayo mumeo anastahili kuyajua kabla hajashikilia amri yake. Inawezekana alitoa amri ile kwa sababu alikuwa mbali kilomita mia kadhaa na kukataza ndicho kitu pekee alichoweza kufanya kwa simu. Umeshamuuliza alipitaje usiku ule, yeye na usukani, mtoto yuko wodini?

Ukichagua kufanya kwa siri, jua kwamba una shahidi wa miaka 2 na nusu ambaye siku yoyote atamwambia baba yake kwenye simu, "Tumeoga kwenye karai." Hapo hamtagombana kwa ajili ya mbu tena.

Iko njia ya katikati, nayo haina uhakika: kumpelekea mumeo mpango badala ya ombi. Watu wa safari wanaelewa saa na ratiba. Kwa mfano, maji yawe saa 9 mpaka saa 10 na nusu badala ya kuanzia saa 10 mpaka magharibi. Itabidi kijana anayekwenda madrasa acheze siku zake za mapumziko, au aoge peke yake baadaye kidogo. Karai liondoke chini ya mkungu. Najua kivuli ni kitamu, lakini mbu naye anapumzika humo humo kwenye majani na unyevu. Litafute mahali panapopigwa na upepo wa baharini, ukuta ukikupa kivuli. Mbu ni mrukaji dhaifu, upepo unamshinda, na ndiyo maana feni ya barazani inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Maji yakiisha, karai limwagwe, lifunikwe kifudifudi, na watoto wavae nguo kavu papo hapo. Nimelea watoto sita, wangu na wa kufikia. Nilichoona ni kwamba wanaumwa zaidi wakishatoka majini, wanazubaa uchi mlangoni wanatetemeka, kuliko wakiwa ndani.

Na wewe ni fundi, mwanangu! Kwenye vipande vyako vinavyobaki, washonee suruali na shati la mikono mirefu, kitambaa chepesi cha rangi ya kupauka, pana kidogo. Mbu wa mchana anavutwa na rangi za giza, na nguo inayobana anaitoboa. Ikilowa ikagandama mwilini haizuii sana, nakubali, kwa hiyo ziwe pea mbili.

Dawa ya wifi. Geuza kichupa usome kilichomo. Ukikuta DEET, kemikali ya kufukuza wadudu, hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya wanajeshi wa Marekani mwaka 1946 na raia wakaanza kuitumia 1957, kwa hiyo si kitu cha jana. Madaktari wa watoto wa huko wanaikubali kwa watoto isizidi asilimia 30, na wanaikataza kwa mtoto chini ya miezi 2. Asilimia ikiwa kubwa dawa haiwi kali zaidi, inadumu zaidi tu: ya 10 ni kama saa mbili, ya 30 ni kama saa tano. Ikaridini, kemikali nyingine ya kazi hiyo hiyo, nayo ni nzuri na haina harufu kali. Lakini ukikuta imeandikwa mafuta ya mkaratusi wenye harufu ya limau, hiyo iache mpaka mdogo atimize miaka 3.

Usimpulizie mtoto. Pulizia viganja vyako wewe, mpake kwenye ngozi iliyo wazi tu. Ruka macho, mdomo, na mikono ya anayenyonya vidole. Kwa mkubwa, ruka kila alipojikuna pakawa kidonda. Ikiwa inakaa ndani ya nyumba, ikae juu wasikoifikia. Na hapa ndipo wengi wanapokosea: maji yanaiosha. Ukimpaka akatumbukia karaini, umeyapaka maji. Mpake akishatoka, akishakauka, kama mnakaa nje jioni, na kabla ya kulala mwoshe kwa sabuni, aingie chandaruani akiwa safi. Chandarua hicho, mwanangu, kwa malaria kinazidi kichupa chochote.

Mama mkwe kainusa akasema sumu. Hakukosea kabisa, ni kemikali, na kichupa kile ukikiacha wazi mtoto akakinywa utakimbia hospitali. Ila mafuta ya taa ni mabaya kuliko hayo. Yanababua ngozi kama ulivyoona, na mtoto akiyanywa au kuyavuta yakaingia mapafuni yanaweza kumuua. Hapo una haki yote, na sikushauri ulegee hata tone moja. Mafuta ya nazi matupu hayana ubaya. Hayafukuzi mbu kwa muda wa maana, lakini yanalainisha ngozi iliyokwaruzwa, na bibi anayempaka mjukuu baada ya kuoga anafanya kazi ya bibi.

Kuomba radhi, basi. Umesema aliyekosea ni yeye. Kwenye mafuta ya taa, ndiyo. Kwenye zile kelele mbele ya wapangaji, na yale maneno "unataka kuniulia mtoto," hapo sijui kama utaniambia ni yeye. Mwanamke yule alikuwa nawe chumbani alfajiri ile. Alimwona mjukuu wake akigeuka macho, naye pia hakujua la kufanya, akashika ubani. Nadhani tangu siku hiyo anatafuta kitu cha kufanya kwa mikono yake. Ukimwomba radhi kwa sauti yako tu, bila kuyagusa mafuta ya taa, anaweza kudhani umekubali dawa yake ikarudi jikoni kesho. Ukisubiri aanze yeye, mnaweza kufika mwezi wa sita. Labda wifi akusaidie. Kichupa kimeletwa na binti yake wa kumzaa, na mengine mkwe hawezi kuyasema ila binti anaweza. Unamjua wewe, mimi simjui.

Usubi sijausahau. Huyu wa mikokoni si yule wa mito ya kasi ya huko Usambara anayeleta upofu. Wetu huyu anawasha tu, lakini anawasha haswa. Ni mdogo kiasi kwamba tundu za chandarua cha kawaida anapita. Upepo ukivuma hawezi kuruka, kwa hiyo anangoja jioni iliyotulia na alfajiri. Wapelekeni watoto ufuko wa wazi wenye mawimbi na upepo, mbali na mikoko, na mtoke jua likiwa bado juu. Akiumwa, kitambaa cha maji baridi, kucha fupi, na huyo mkubwa umlaze na soksi nyepesi mikononi siku mbili tatu. Akilalamika mwambie ni mbinu ya mabondia.

Bagamoyo inaongozwa na hayo hayo. Mwezi wa sita kusi inavuma, ufuko wa wazi utakuwa na hewa, na kwa mama yako utasimamia mwenyewe. Tena Bagamoyo wanaijua malaria kwa karibu: chanjo zote mbili zilizokubaliwa na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 na 2023, zilijaribiwa pia kwa watoto wa huko. Ukifika, beba chandarua chako. Kuomba ruhusa, labda isiwe mada ya simu ya kwanza. Simu ya kwanza iwe ya ile hesabu ya siku 14, maana nahisi mumeo naye anaibeba Jumamosi yake huko barabarani.

Kuna kitu kimoja kimenikaa tangu nianze kukujibu. Karai, umesema, lilitupwa nyuma ya choo, liko huko mpaka leo. Na mwanao umemkuta kwenye maji ya mvua, maana yake masika yameshaanza kwenu. Kabla hujampigia mtu yeyote, zunguka huko nyuma ukalitazame limekaaje. Kama limekaa chali, limwage kwenye mchanga mkavu, lisugue ukingo wote kwa brashi na sabuni, ulilaze kifudifudi. Mama mkwe akitokea mlangoni kuuliza unafanya nini, mwite aje aone kilichokuwemo.